Kama tumeokolewa kwa neema, kwa nini tutende mema?

Ndugu mleta mada, umeuliza kwamba ikiwa Mkristo ameokolewa kwa neema wala si kwa matendo, ana sababu gani ya kujihangaisha na matendo mema. Na ikiwa anayatenda ili apate thawabu, hiyo si biashara tu? Mimi ni Mlutheri, nimehudumu kwa muda mrefu katika kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, ya usharika wetu huku Temeke, na swali hili nimelisikia zaidi kwenye vikao vya michango na kando ya vitanda vya wagonjwa kuliko mimbarini.

Aya unayoitegemea usiikatishe njiani. Waefeso 2:8-9 inasema wokovu ni kipawa cha Mungu na hautokani na matendo, asije mtu akajisifu. Lakini aya ya 10, ambayo wengi huiruka, inaendelea kusema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu ili tutende matendo mema. Jambo hili liliwatenganisha Wakristo tangu siku za Luther na Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomjibu, hadi Walutheri na Wakatoliki walipotia saini Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani kukubaliwa na Mungu kuwa wenye haki, mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, wakikiri kwa kauli moja kwamba matendo mema hufuata kuhesabiwa haki na ni matunda yake. Nalitaja kwa sababu hapa Dar es Salaam bado watu hubishana vijiweni kana kwamba Wakatoliki hufundisha kuinunua mbingu na Walutheri hufundisha kukaa bure, ilhali hakuna kati yao anayefundisha hivyo.

Biashara uliyoisema ipo, tena imeshamiri mjini hapa kwa jina la kupanda mbegu: toa ulichonacho, subiri gari, nyumba au mume. Namfahamu mama mmoja aliyetoa mtaji wote wa genge lake kwa ahadi ya namna hiyo. Muujiza haukuja, genge likafungwa, na tangu hapo hataki kusikia habari za kumsaidia mtu yeyote. Simlaumu yeye. Aliyefundishwa kwamba kutoa ni kukopesha kwa riba atafanya nini mkopo usiporudi, kama si kufunga mkono?

Kuhusu kutenda mema ili kusifiwa na watu, Mathayo 6, ambamo Yesu anakataza kutoa sadaka ili tuonekane, inajitosheleza, ingawa ningependa tusiitumie vibaya. Mhazini anaposoma ibadani mapato ya harambee, huo ni uwajibikaji, na washarika wana haki ya kuusikia. Tena Yesu yule yule, katika Mathayo 5:16, anataka matendo yetu yaonekane ili watu wamtukuze Baba. Shida huanza pale mchele na sabuni vinapofikishwa kwenye kituo cha watoto yatima, halafu watoto wakasimamishwa juani wakimsubiri mgeni rasmi, kwa kuwa picha haiwezi kupigwa bila yeye.

Msukumo ninaouona kuwa wa Kikristo hasa nimeuona kwa fundi cherehani mmoja wa jumuiya yetu, mama mtu mzima, ambaye huenda Muhimbili kuwatazama wagonjwa waliopewa rufaa kutoka mikoani na ambao hapa mjini hawana ndugu. Hubeba uji kwenye chupa ya chai. Humwinua mgonjwa kwa mto, hudondosha tone la uji nyuma ya kiganja chake kupima joto, kisha hulisha kijiko kimoja kimoja, akingoja koo limeze kabla ya kuleta kingine, na katika muda wote huo hahubiri. Siku moja mgonjwa alimfokea kwamba uji hauna sukari. Safari iliyofuata alikuja na sukari ameifunga kwenye kipande cha karatasi. Nilipomuuliza anapata wapi moyo huo, alinijibu: “Mwanangu, mimi nilihudumiwa sina hata senti. Sasa nimlipe nani? Mungu hana njaa.”

Sijui kama alikuwa anaikumbuka Zaburi ya 50, ambamo Mungu mwenyewe anasema kwamba hata angekuwa na njaa asingetuambia, kwa maana ulimwengu ni wake. Lakini jibu lake limeubeba mzigo wote wa swali lako: neema aliyopokea hawezi kuilipa kwa aliyempa, kwa hiyo shukrani yake huishia kwa mwenye njaa.

Thawabu nazo zimeahidiwa, wala sioni haja ya kuzionea aibu. Ila usome Mathayo 25 polepole: wale wa mkono wa kuume wanaposifiwa kwa kulisha na kuvika, wanashangaa na kuuliza ni lini walimwona Bwana ana njaa. Hawakuwa wameweka daftari.

Usingoje, hata hivyo, nia yako itakate ndipo uanze. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 13:3 kwamba kutoa mali yote bila upendo hakumfaidii mtoaji kitu, na ni kweli. Lakini aliyelishwa ameshiba hata kama aliyemlisha alikuja na majivuno kidogo. Mimi binafsi nimeona nia za watu zikinyooka wakiwa kazini, hasa pale wanapotumwa kufanya jambo ambalo hakuna atakayelitangaza, kama vile kumfulia mgonjwa shuka.

Kwa hiyo, kama uko hapa mjini, muulize mwenyekiti wa jumuiya yako ni mgonjwa gani hajatembelewa mwezi huu, jina halikosekani. Ukifika wodini, kabla hujafungua chupa ya uji, mwulize muuguzi mgonjwa huyo anaruhusiwa kula nini, maana mwenye kisukari na anayesubiri upasuaji hawalishwi kiholela.