Vitambaa vya bibi viende ukutani

SWALI: Nina vitambaa vya meza vya bibi, vimetariziwa maua mekundu. Nataka kuviunganisha viwe pambo la ukutani. Nikivifua vitachuja? – Msomaji, Jinja

JIBU: Bonyeza pamba nyeupe yenye maji kwenye uzi mwekundu, upande wa nyuma. Ikishika rangi, usifue. Isiposhika, loweka kwa maji baridi na sabuni laini. Jiki hapana, inakula nyuzi. Ukikata, acha sentimita 2 nje ya ua, tarizi isifumuke. Ukishaviunganisha, panga tabaka tatu: vitambaa juu, katikati blanketi jepesi la mtumba (soko la Owino, Kampala, yamejaa), chini bitana ya pamba. Piga bandi (mishono mirefu ya muda ya kushikiza tabaka) kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, kitambaa kitavimba katikati. Kisha shona kulizunguka ua, kamwe si juu yake: sindano ya cherehani hukata tarizi.