Uzito wa dari, kwa nyie mnaoanza kupiga hesabu za paa

Nyie mnaotoka chuo mkiletwa ofisini huku Mwanza na kupewa paa, cha kwanza ni kufungua Excel ya mradi uliopita na kukopi ule mstari "dari 0.5", yaani kilonewton (kN) 0.5 kwa mita mraba, kama kilo 50. Siwacheki, hata mimi nilifanya hivohivo. Nyumba ilikuwa Bwiru, juu kwenye mawe, ukisimama barazani ziwa lote liko mbele yako, na ile 0.5 kumbe ilitoka kwenye jengo la ofisi lenye mabomba ya eesii na trei za nyaya. Mzee wa ofisini akaniuliza, "Kijana, hiyo dari umeipima?" Nikamwambia iko kwenye shiti mzee. Akanituma dukani.

Tukaazima mzani wa jamaa anayeuza mchele mlango wa pili, jipsamu ya milimita 12, futi 8 kwa 4, ikasoma kilo 26. Gawa kwa eneo lake, mita mraba 2.97, unapata kilo 8.75 kwa mita mraba, yaani kama kN 0.09. Alafu mbao za 2x2 zikienda na kurudi kila sentimita 60, hizo ni mita 3.3 za mbao kwa kila mita mraba, paini iliyokauka inatoa kilo 4 na nusu hivi, ila mbao zetu mara nyingi zinaletwa saiti bado mbichi kwa hiyo ongeza. Skimu na rangi weka kilo moja na nusu. Jumla ni kN 0.15. Fundi akianza kushusha madaraja ya urembo na taa za kujificha peleka 0.2, na dari ya pivisii ni nyepesi sana ukilinganisha na hii.

Sasa utasema 0.5 si ndo salama zaidi? Kwa mzigo unaokandamiza kenchi sawa, utapoteza mbao tu. Lakini upepo wa ziwani ukipiga paa la bati huwa unalinyanyua, na hapo uzito wa paa ndio unakusaidia, mimi nilikuwa nimejipa kilo kama 35 za hewa kwa kila mita mraba eti zinalikalisha paa chini! Ile 1.4 ya BS (kanuni za Uingereza) mliyoizoea kuzidishia mzigo wa kudumu, yaani uzito wa jengo lenyewe, hapo haipo, unaupiga mara 1.0, upepo ndo unapigwa mara 1.4.

Na hapa ndo wengi wanakosea hata wakishapima vizuri. Watu wetu wanajenga kwa awamu, bati linapanda leo, dari inasubiri hela hata mwaka mzima au miwili, na mvua za upepo haziwezi kumsubiri mwenye nyumba. Kwa hiyo ukikagua kunyanyuliwa dari andika sifuri, bakiza bati na kenchi, alafu nenda kakague nondo au hupayani (utepe wa chuma) inayofunga paa kwenye linta. Ile ya Bwiru tulirudia vifungo vyote, nashukuru ilikuwa bado karatasi.

Kingine, tenki la maji. Mteja akikwambia ataliweka juu ya dari usilichanganye kwenye hiyo 0.15, lita 1000 ni tani nzima imekaa sehemu moja, lifanyie hesabu yake na literemshie mzigo ukutani.