Kiraka cha hemoglobini kisichobadilika ingawa kiko nje

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimekusanya mfuatano wa asidi amino wa mnyororo alfa wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kutoka kwa wanyama 40 wenye uti wa mgongo, nikaipanga, nikapima kasi ya mabadiliko ya kila nafasi, kisha nikapaka rangi juu ya umbo la mnyororo huo. Kama tulivyofundishwa, ndani kumetulia na nje kunabadilika. Ila kuna kiraka upande wa nje ambacho karibu hakijaguswa. Nimekosea wapi? Na je, nikiwa na umbo la protini yoyote, naweza kutabiri kama inabadilika haraka kuliko nyingine?

JIBU: Marahaba. Fungua tena faili lako. Umesema “umbo la mnyororo huo”, na nadhani hapo ndipo ulipoteleza. Hemoglobini ya wanyama wengi wa kundi hilo hufanya kazi ikiwa minyororo minne iliyoshikamana, alfa mbili na beta mbili. Ukiutenga mmoja, sehemu zinazoegemea wenzake huonekana kana kwamba zimeachwa wazi majini, kumbe ndani ya chembe nyekundu zimefunikwa. Tena si kufunikwa tu. Kiungo kimojawapo kati ya alfa na beta huteleza kila oksijeni inapoingia na kutoka: asidi amino iitwayo tairosini, ya nafasi ya 42 kwenye alfa, hushikana na nyingine, aspatati ya 99 kwenye beta, wakati oksijeni haipo, na arginini ya 141 ya alfa, ambayo ndiyo ya mwisho kabisa, hujifunga kwenye alfa ya pili. Ukiharibu vishikizo hivyo, protini inang'ang'ania oksijeni badala ya kuiachia. Pakia minyororo yote minne, upime upya eneo la kila nafasi linaloguswa na maji. Sehemu kubwa ya kiraka chako itahamia kundi la “ndani”.

Kuhusu huko ndani: watafiti Motoo Kimura na Tomoko Ohta walionyesha mwaka 1973 kwamba uso wa hemoglobini hubadilika kwa kasi ya karibu mara 10 kuliko mfuko unaobeba hemu, ile pete yenye chuma. Mutesheni zenyewe hazijui ndani wala nje, zinatokea kotekote. Kinachotofautiana ni ngapi zinapona uteuzi asilia. Protini iliyojikunja kwa kawaida ina akiba ya uthabiti ya kilokalori 5 hadi 15 tu kwa moli, ilhali kuvunja kifungo kimoja cha kaboni na kaboni hugharimu takriban 83. Maana yake protini inaishi karibu na ukingo. Mutesheni ya kawaida huipunguzia kama kilokalori 1, lakini ile inayosukuma asidi amino nene, au yenye chaji, katikati ya majirani waliobanana huweza kumaliza akiba yote kwa mpigo. Mfano ninaoupenda ni glaisini ya nafasi ya 25 kwenye alfa yako. Hapo hesi mbili, yaani vipande vya mnyororo vilivyojisokota, zinapishana kwa karibu mno, na hakuna asidi amino nyingine iliyo ndogo kama glaisini. Weka kubwa, hesi zinatengana.

Kwa hiyo usigawe nafasi zako makundi mawili tu, ndani na nje. Hesabu kila nafasi imezungukwa na majirani wangapi. Kipimo hicho hufuatana na kasi vizuri zaidi. Kwenye vimeng'enya ongeza pia umbali kutoka mahali pa kazi, kwa sababu utulivu wa pale husambaa hadi kwa majirani wa mbali kidogo.

Ila uso nao si uwanja huru. Badiliko la selimundu, glutamati kuwa valini kwenye nafasi ya 6 ya beta, liko nje kabisa na haliharibu mkunjo. Tatizo ni kwamba valini hiyo inaingia kwenye kishimo cha hemoglobini ya jirani, na protini zinaanza kuungana kama nyuzi. Upande wa pili, kuna nyuso zinazosukumwa kubadilika: kichwa cha hemaglutinini, protini ya uso wa virusi vya mafua, hukimbia kingamwili, na watafiti Hughes na Nei walionyesha mwaka 1988 kwamba mfuko wa kushikia vipande vya protini kwenye molekuli za HLA, zile zinazouonyesha mfumo wa kinga vipande hivyo, umekusanya mabadiliko ya asidi amino mengi kuliko mabadiliko ya kimya, yaani yale ya DNA yasiyobadilisha asidi amino. Mfuko wa hemu umetulia, mfuko wa HLA unachemka. Umbo pekee lisingekuambia hilo.

Hapo nimeshagusa swali lako la pili, na jibu langu ni hapana, au angalau si kwa umbo peke yake. Umbo hueleza vizuri tofauti kati ya nafasi za protini moja. Kulinganisha protini na protini ni habari nyingine. Kwenye hamira, kinachotabiri kasi vizuri zaidi ni wingi: protini inayotengenezwa kwa wingi hubadilika polepole, na maelezo mojawapo ni kwamba nakala zake zikijikunja vibaya seli hulipa gharama kubwa. Ajabu ni kwamba kwenye hamira hiyo hiyo, Bloom na wenzake walikuta mwaka 2006 kwamba protini zenye miguso mingi ya ndani hubadilika haraka kidogo, kinyume na ungetarajia. Huenda uthabiti wa ziada unaziruhusu kuvumilia makosa mengi.

Halafu kuna kazi yenyewe. Histoni H4, moja ya protini ambazo DNA huzizunguka, ya ng'ombe na ya mbaazi zinatofautiana nafasi 2 tu kati ya 102, maana karibu kila upande wake unagusa DNA au histoni nyingine. Kipande C cha proinsulini, protini ambayo insulini hutokana nayo, kinachokatwa na kutupwa, hubadilika haraka kuliko minyororo A na B inayobaki.

Jambo moja dogo kabla hujarudia kazi: pima kasi kwa kufuata mti wa ukoo, si kwa kuhesabu herufi zinazotofautiana kwenye safu. Kama kati ya wanyama wako 40 wamejaa nyani, badiliko moja la babu yao utalihesabu mara nyingi.