Daktari wa VA akikuuliza hali, usimjibu "nzuri"

Neno lililonigharimu pesa nyingi kuliko lolote maishani ni la adabu. Nilikuwa nimeomba fidia ya ulemavu kwa VA, ile idara ya Marekani inayohudumia maveterani, na daktari aliyepewa kazi ya kunipima mgongo kwa niaba yao alifungua mlango akaniuliza hali. Nikamjibu kama nilivyolelewa: nzuri, namshukuru Mungu. Nilisema kwa Kiingereza, ila kichwani ilikuwa salamu yetu ileile, ambayo hata aliyelazwa huanza na "sijambo" ndipo aseme anachoumwa. Baadaye nikaomba nakala ya ripoti. Karibu na mwanzo kabisa imeandikwa: anasema anajisikia vizuri.

Yaliyofuata chumbani yalikuwa mabaya zaidi. "Inama mbele mpaka mwisho wako." Mimi nilikuwa dereva wa lori jeshini, misafara ya Iraq, saa nyingi kwenye kiti kigumu na fulana ya vyuma begani. Askari akiambiwa inama, anainama. Nikauma meno, vidole vikapita magoti, jasho likanitoka. Akaweka kipimapembe kiunoni, akaandika nyuzi 70. Hakuuliza maumivu yalianzia wapi, na mimi sikusema.

Laiti ningejua jedwali wanalotumia kukadiria ulemavu kwa asilimia, maana asilimia ndiyo inayoamua malipo. Kwa mgongo wa chini, kuinama kamili ni nyuzi 90. Ukivuka 60 bila kupita 85, unapewa asilimia 10. Ukiishia juu ya 30 hadi 60, ni 20. Ukishindwa kuvuka 30, ni 40. Kwa hiyo ule ushujaa wangu wa sekunde tano ulipimwa na kuwekewa bei, na bei ilikuwa ya chini.

Simwambii mtu aigize. Wapimaji wameona waigizaji wengi, na uongo mmoja tu unaharibu hata ukweli wako. Nasema hivi: maumivu yanapoanza, simama hapo na useme kwa sauti, "hapa ndipo panapoanza." Kisha mweleze siku mbaya, maana huenda amekukuta siku nzuri. Zinakuja mara ngapi kwa mwezi? Zinakaa siku ngapi? Siku hizo unashindwa nini? Kanuni zinamtaka azizingatie, lakini hawezi kuandika usichomwambia. Na "naumwa sana" haimsaidii. Msaidie kwa vitendo: siwezi kusimama hadi vyombo viishe kuoshwa, siwezi kuendesha gari zaidi ya nusu saa bila kushuka.

Kama picha za eksirei hazionyeshi kitu, usikate tamaa mapema. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya Saunders dhidi ya Wilkie, iliamua kwamba maumivu yenyewe yanaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu hata bila ugonjwa wenye jina, mradi yanapunguza uwezo wako wa kufanya mambo. Bado utatakiwa kuonyesha kwamba yalitokana na jeshi.

Hapo kwenye ushahidi ndipo wengi wetu tunakwama. Kikosini kwetu aliyekwenda kliniki alionekana mtegaji, basi tulimeza vidonge tukapanda lori. Faili langu likawa safi, kana kwamba mgongo haukuwahi kuuma. Kilichoniokoa ni barua mbili, kwenye fomu 21-10210. Moja aliandika mwenzangu wa msafara, aliyeniona nikishushwa kwenye lori kama gunia. Ya pili mke wangu. Nilimwomba aandike ninavyoteseka, akanitazama. "Baba watoto, mateso yako siyajui. Ninachojua ni soksi." Akaandika hayo: asubuhi ngapi kwa wiki ananivalisha soksi, na kwamba kanisani nakaa kiti cha mwisho ili niweze kusimama mahubiri yakirefuka. Ukurasa mmoja. Naamini ulifanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Nilirudisha maombi kama dai la nyongeza, lenye ushahidi mpya, ndani ya mwaka 1 tangu uamuzi wa kwanza, ili nisipoteze tarehe yangu, yaani siku ambayo malipo huanza kuhesabiwa. Mgongo ukapanda hadi 20, na neva ya mguu wa kushoto, ambayo hata sikuwa nimeitaja mwanzo, ikapata 10 yake peke yake. Hesabu ya VA si ya kujumlisha: ukitoa 20 kwenye 100 inabaki 80, wanachukua asilimia 10 ya hiyo 80, yaani 8, wanaiongeza kwenye 20, inakuwa 28, wanakadiria 30. Na 30 ina maana, kwa sababu hapo ndipo wanaanza kuongeza pesa ya mke na watoto.

Tarehe niliyotaja ni jambo zito. Mimi nilikaa miaka 6 baada ya kutoka jeshini ndipo nikaomba, na pesa ya miaka hiyo hairudi. Kama bado hujakusanya karatasi, wasilisha leo taarifa ya nia ya kuomba, fomu 21-0966. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima. Anayetaka umlipe ili akujazie maombi ya kwanza, mkimbie, sheria hairuhusu. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi walioidhinishwa wanaofanya kazi hiyo bure.

Na matibabu usiyasubirishe dai. Ni milango miwili tofauti. Wa matibabu unafunguliwa kwa fomu 10-10EZ. Mimi nilipata fizioterapia na akupancha, na mafunzo ya kuishi na maumivu sugu ambayo niliyadharau wiki mbili za kwanza. Ukiambiwa usubiri bingwa zaidi ya siku 28, au kliniki iko zaidi ya saa 1 kwa gari, uliza kuhusu kutibiwa nje ya VA kwa gharama yao. Usipouliza, huenda asitokee wa kukuambia.

Juzi nilirudi kliniki. Nesi akafunga kile kitambaa cha presha mkononi, akauliza hali. Neno la zamani lilikuwa limeshafika ulimini.

"Leo soksi nimevalishwa," nikamwambia.

Akaacha kufunga, akageukia kompyuta, akaandika.