Kitabu cha wadudu kisomewe chini ya mlimau

Mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la pili alipoulizwa kwenye jaribio ataje majira manne ya mwaka. Akaandika masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Karatasi ikarudi na alama nyekundu ya kosa, kwa sababu kitabu cha darasani kilikuwa na majira mengine, yale yenye theluji na majani ya kupukutika. Usiku ule akaniuliza, "Mama, kwa hiyo masika ya bibi si ya kweli?"

Swali lile liliniuma. Niliongea na mwalimu wake kwa utaratibu, tukaelewana. Lakini niliporudi nyumbani nikaitazama rafu yetu ya vitabu. Karibu vyote vilivyohusu mvua, jua na upepo nilivinunua vya mtumba, vimetoka Uingereza, na ndani yake mtoto amevaa glavu na kofia ya sufu. Hakukuwa na kurasa hata mbili zenye mvua ninayoijua mimi, ile inayoanza na vumbi kunukia halafu bati linapiga kelele hadi hamsikilizani.

Sikuvitupa, na wewe usivitupe. Mtoto ana haki ya kuijua theluji. Nilichobadilisha ni namna ya kuvisoma. Tukifungua ukurasa wa baridi kali, kwanza tunatafuta London kwenye ramani. Namwambia mwezi Desemba jua la kule huzama kabla ya saa kumi jioni, wakati wenzao huku ndio kwanza wanatoka kucheza. Dunia imeinama, kwa hiyo wanaokaa mbali na ikweta hupata siku ndefu sana na siku fupi sana, na majira yao huyafuata mabadiliko hayo ya mwanga na joto. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu haubadiliki sana. Majira yetu tunayahesabu kwa mvua na pepo: masika ya Machi hadi Mei, kipupwe, vuli ya Oktoba hadi Desemba, kaskazi ikivuma, kusi ikivuma. Na hata hapa Tanzania si wote wenye mvua mbili. Mtoto wa Dodoma ana msimu mmoja tu wa mvua, na kitabu kizuri hakimsahau.

Sasa wadudu. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na mwalimu wangu alikuwa mlimau wa uani.

Binti yangu alikuwa na kitabu cha kipepeo alichokipenda mno. Siku moja akaona kwenye jani la mlimau kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe. Akakigusa kwa kijiti, kikatembea. Kilikuwa kiwavi. Tukakiweka ndani ya chupa kubwa ya maji iliyokatwa juu, tukaifunika kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, na kila asubuhi tukabadilisha majani mabichi ya mlimau. Kikakua, kikawa kijani. Ukikigusa, nyuma ya kichwa kinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inajaa chumba. Hivyo ndivyo kinavyofukuza wanaotaka kukila. Alipiga kelele, akacheka, akataka kukigusa tena.

Kisha kikageuka pupa. Kitabu chake kilisema kipepeo hutoka kwenye kifukofuko cha hariri. Cha kwetu hakikuwa na kifukofuko chochote. Pupa ilikuwa wazi, imeshikwa kwenye kijiti kwa uzi mwembamba uliopita kiunoni kama mkanda. Binti akakasirika, akasema kitabu kinadanganya. Alikuwa sahihi. Kifukofuko ni cha nondo wengi, vipepeo wengi pupa zao huwa wazi. Alipotoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, tulimwacha aning'inie mpaka mabawa yakanyooka na kukauka, ndipo tukafungua chandarua.

Tangu siku ile, kabla sijanunua kitabu cha wadudu, nahesabu miguu kwenye picha. Mdudu ana sita na buibui ana minane. Mchoraji aliyempa siafu miguu minne hakumwangalia siafu. Nasoma pia majina. Lugha yetu ni tajiri: kereng'ende, kimulimuli, nyenje, jongoo, tandu, vunjajungu. Kitabu kinachowaita wote "mdudu" kinamnyima mtoto maneno ya bibi yake. Na kitabu kikichora jongoo na tandu kana kwamba ni kitu kimoja, nakirudisha dukani, maana jongoo hujikunja ukimgusa lakini tandu anauma, na mtoto atakwenda kumshika. Nyumbani kwetu sheria ni moja: macho kwanza, kijiti baadaye, mkono mpaka mama aseme. Viwavi wenye manyoya havishikwi kabisa, vinawasha vibaya.

Jambo lingine ni wakati. Hadithi ya kumbikumbi isomwe vuli inapoanza, jioni mvua imekatika na taa ya nje imewashwa, wakiwa wanaruka mbele ya macho yenu. Mtoto aone mabawa manne yakidondoka, aone dume akimfuata jike nyuma nyuma ardhini, wanakwenda kuanzisha kichuguu kipya. Ukimsomea Julai, atasikiliza kwa adabu tu.

Kama fedha ni ndogo, vitabu vya bure vipo. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili unazoweza kuzisoma kwenye simu au kuzichapisha. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umesaidia vitabu vingi vya Kiswahili kufika mashuleni. Ulizia kwenye maktaba iliyo karibu nawe.

Lakini kitabu kinachosomwa zaidi kwetu ni daftari la kawaida. Kila jioni binti anachora mbingu ya siku hiyo na kuandika neno lake: manyunyu, mawingu, jua kali, upepo wa kusi. Akiona mdudu mgeni anamchora pembeni. Kaka yake ameandika kwenye jalada "Majira ya nyumbani kwetu". Juzi mvua ya kwanza ilipopiga, binti alikimbilia lile daftari kabla ya kuanua nguo, akafungua ukurasa wa mwaka jana, akaniambia, "Mama, kumbikumbi watatoka kesho kutwa."

Tukaiacha taa ya nje inawaka.