Maswali na Majibu: Antena za kuunganisha Langoni na Shela juu ya maji

SWALI: Mimi ni mwalimu wa madrasa yenye majengo mawili, moja Langoni mjini Lamu na jingine Shela. Yote mawili yanatazama bahari, na umbali kati yake ni kama kilomita 3 ambazo sehemu kubwa yake ni juu ya maji. Intaneti tunailipia Langoni, na tungependa wanafunzi wa Shela waitumie hiyo hiyo badala ya kulipia mara mbili. Muuzaji mmoja ametushauri tununue antena mbili za kurusha pande zote, tuzisimamishe kwenye milingoti juu ya dari, na kadiri tutakavyozipandisha ndivyo mtandao utakavyokuwa bora. Dari zetu ziko kama mita 14 juu ya maji yakiwa yamekupwa. Je, tufuate shauri hilo? Na je, antena ya Shela inaweza kufichwa chini ya makuti ili isiharibu sura ya nyumba?

JIBU: Maalim, nakuomba usinunue chochote kwanza. Shauri ulilopewa lina makosa mawili. La kwanza litakugharimu fedha tu, lakini la pili litakugharimu miezi ya kuhangaika, kwa sababu chanzo chake hakionekani kwa macho.

Kosa la kwanza ni aina ya antena. Antena ya pande zote hufanya kazi kama taa ya chemli, ambayo huangaza chumba kizima, na mtu aliye mbali hupata sehemu ndogo tu ya mwanga wake. Inafaa pale ambapo watumiaji wamekuzunguka. Ninyi mna majengo mawili yasiyohama, kwa hiyo kinachohitajika ni kurunzi, yaani antena ya dishi inayokusanya mawimbi na kuyaelekeza upande mmoja. Antena nzuri ya pande zote huongeza nguvu kwa desibeli 12 hivi (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu, na kila desibeli 10 ni mara kumi), ilhali dishi la sentimita 30 kwenye masafa ya gigahezi 5.8 huongeza karibu desibeli 23. Mkiweka dishi pande zote mbili, tofauti inafika desibeli 22, ambayo ni zaidi ya mara 150. Tena dishi halisikii kelele za ruta za nyumba za wageni na maduka yaliyo nyuma yake na ubavuni mwake, na katika mji uliosongamana kama Lamu faida hiyo ni kubwa kuliko hata ile ya nguvu.

Tufanye hesabu ili ujue kiasi kinachotosha. Mawimbi ya gigahezi 5.8 yakisafiri kilomita 3 hupotewa na desibeli 117 hivi. Redio ikitoa miliwati 20 tu, sawa na dBm 13 (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja, na namba ikiwa chini ya sifuri nguvu ni ndogo kuliko hapo), na kila dishi likiongeza 23, upande wa pili utapokea kama dBm −58. Redio nyingi za aina hii huendelea kufanya kazi kwa kasi nzuri hata mawimbi yakishuka hadi karibu −70, kwa hiyo mnabakiwa na akiba ya desibeli 12 bila kuisukuma redio hadi mwisho wa nguvu zake. Mafundi wengi huongeza nguvu kwanza na kutafakari baadaye. Mimi huanza na nguvu ndogo, kwa sababu Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya imeweka kikomo cha nguvu inayoruhusiwa kutoka kwenye antena, nanyi mnapaswa kukiulizia na kuhakikisha kuwa vifaa mnavyouziwa vimeidhinishwa nayo.

Huenda ukashawishika kununua dishi la sentimita 60. Kwa umbali wenu silipendekezi. Mwali wake una upana wa nyuzi 6 tu, nusu ya ule wa dishi dogo, na eneo lake linaloshika upepo ni mara nne. Kusi ikianza kuvuma, mlingoti ukitikisika kidogo tu mwali unaanza kuikosa Shela.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie jibu refu. Kwenye nchi kavu, kupandisha antena karibu daima ni jambo jema. Juu ya bahari sivyo. Maji ya chumvi yaliyotulia ni kioo kwa mawimbi ya redio, na kutoka Langoni mawimbi yatafika Shela kwa njia mbili, moja ya moja kwa moja na nyingine iliyogonga maji na kuruka. Yanapogonga maji kwa pembe nyembamba kama hii, mawimbi hugeuzwa juu chini. Kwa hiyo, tofauti ya urefu wa njia hizo mbili ikiwa sawasawa na urefu wa wimbi moja, au mawili, au matatu kamili, yale yaliyoruka hupingana na yale ya moja kwa moja na kuyafuta.

Tofauti hiyo unaweza kuipima wewe mwenyewe kwa penseli: zidisha kimo cha antena moja juu ya maji kwa kimo cha nyingine, zidisha tena kwa mbili, kisha gawanya kwa umbali. Kwa mita 14 kila upande na umbali wa mita 3,000, unapata sentimita 13 hivi. Wimbi la gigahezi 5.8 lina urefu wa sentimita 5 na kidogo, kwa hiyo tofauti ni mawimbi mawili na nusu, na hapo njia mbili zinasaidiana. Lakini maji hayakai mahali pamoja. Wakati wa bamvua hupanda mita 3 na zaidi, nayo yakipanda mita moja na nusu tu, antena zako zinabaki mita 12 na nusu juu yake, tofauti inakuwa mawimbi mawili kamili, na mtandao unaanguka. Yakiendelea kujaa hadi mita 11, unarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Nayajua haya kwa sababu yamenipata. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga kiungo cha kuvuka mkono wa bahari, nikaweka antena juu kabisa ya paa kwa fahari, na mtandao ukawa unakatika mara nne kwa siku. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha redio, nikailaumu stima. Mwishowe nilianza kuandika saa za kukatika katika daftari, na nikaona kuwa kila siku zilisogea mbele kwa dakika 50 hivi. Nahodha mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami gatini alilitazama daftari, akaniuliza kwa nini naandika saa za maji. Siku hiyo hiyo nilizishusha antena, na kiungo kikatulia.

Kwa hiyo ninyi msipande, shukeni. Fungeni madishi kwenye ukuta unaotazama bahari, kiasi cha mita 7 na nusu juu ya maji yaliyokupwa, ambazo zitakuwa mita 4 na nusu maji yakijaa. Ukirudia ile hesabu, utaona kuwa tofauti ya njia inakwenda kutoka karibu robo ya wimbi hadi karibu robo tatu, bila kufika wimbi kamili hata mara moja, na muda wote maji yanawasaidia badala ya kuwapinga. Mkizidi mita 8 na nusu mnaanza kuingia kwenye hatari. Msishuke sana pia, kwa sababu mawimbi ya redio hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi kuzunguka mstari wa macho, eneo linaloitwa la Fresnel, ambalo katikati ya safari yenu lina nusu kipenyo cha mita 6 hivi, na angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo, yaani karibu mita 3.7, isizibwe na kitu.

Ndiyo maana kabla ya kutoboa ukuta, simama dirishani kwenye kimo hicho na darubini, maji yakiwa yamejaa, uhakikishe kuwa unaiona nyumba ya Shela yote, na kwamba hakuna minazi wala mashua zinazofunga daima katikati ya mstari. Jahazi linalopita litapunguza mawimbi kwa muda mfupi tu. Mnazi ni jambo jingine, kwa kuwa makuti yake yamejaa maji na hucheza kila upepo ukivuma.

Hilo linajibu na swali lako la paa. Makuti makavu huyapitisha mawimbi bila shida kubwa, na fundi atakayejaribu wakati wa kaskazi atakuambia kuwa pako sawa. Masika yakifika, makuti yakilowa maji, utapoteza kiungo siku zile zile ambazo wanafunzi wamefungiwa ndani na mvua. Dishi likae nje. La sentimita 30 unaweza kulipaka rangi ya chokaa ili lifanane na ukuta, mradi rangi hiyo isiwe na chembe za metali. Upande wa Langoni, ikiwa nyumba yenu imo ndani ya mji mkongwe, ambao tangu 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, zungumzeni na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kufunga kitu chochote ukutani.

Chagueni vifaa ambavyo redio imo ndani ya antena yenyewe, ili kinachoshuka ndani ya nyumba kiwe ni waya wa mtandao tu. Mkiiweka redio chini na kupandisha kebo nyembamba ya antena ya mita 10, itakula zaidi ya desibeli 10 kwenye masafa haya, na akiba niliyokuhesabia itakuwa karibu imekwisha. Boliti ziwe za chuma cha pua, kwa maana za kawaida huliwa na chumvi ya Lamu upesi mno. Waya uache ushuke chini ya tundu kidogo kabla haujapanda kuingia, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata hadi ndani ya kifaa. Antena zote mbili ziwe zimesimama kwa mkao mmoja, kwani moja ikilala ubavu na nyingine ikisimama wima mtapoteza desibeli 20 au zaidi.

Wakati wa kulenga, mtu mmoja awe Langoni na mwingine Shela, wakizungumza kwa simu, na wasigeuze kwa pamoja. Geuza kwa upana wa kidole, subiri namba itulie, geuza tena. Ukipata kilele, endelea kupita hapo hadi namba ishuke na ipande tena, kwa sababu kila dishi lina mwali mdogo pembeni ambao humdanganya fundi mwenye haraka akadhani amefika. Mkipata −70 pale ambapo hesabu inasema −58, huenda mmelenga mwali wa pembeni.

Baada ya hapo, mwachie mwanafunzi mmoja kazi ya kuandika kipimo cha mawimbi kila saa, mchana, kwa siku 14, pamoja na hali ya maji, ili mpite bamvua na maji mafu. Kipimo kikishuka chini ya −66 kila maji yanapofika kimo kile kile, nitumie karatasi hiyo, tuone ni upande upi wa kushushwa au kupandishwa kwa nusu mita.