Kuigiza Vita vya Maji Maji: Anzeni Shambani

Iwe mmechukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) au mmetunga mchezo wenu, kishawishi ni kilekile: kukimbilia onyesho la maji, ile dawa iliyoaminika kuzuia risasi za Wajerumani, na onyesho la vita. Kilimo cha pamba cha kulazimishwa hupitwa haraka. Matokeo yake, waliokubali maji huonekana wajinga, na watazamaji hucheka pasipostahili kucheka. Onyesho la shambani lipeni dakika nne au tano kamili.

Wafanyakazi wanane wanatosha kwa ukumbi wa shule. Siku za kwanza za mazoezi, wapelekeni wakalime kwa majembe halisi nusu saa hivi, migongo na mabega yazoee. Kisha wapeni mipini yenye vichwa vya boksi gumu, kwa sababu jembe la chuma katikati ya watu waliobanana ni hatari. Mwili utaukumbuka uzito. Wasiofanya hivyo huinua jembe kama ufagio, na mtazamaji hutambua mara moja.

Kiboko kiwe kitambaa kilichosokotwa, kipige sakafu hatua moja pembeni ya mwigizaji. Mlio utoke nyuma ya pazia, mkanda ukipigwa kwenye benchi. Mpangilio ni mkono, mlio, halafu mwili. Anayepigwa akishtuka kabla ya mlio, onyesho lote limekwenda. Rudieni polepole mpaka watu hao watatu wapatane.

Wengi wa askari wa Wajerumani walikuwa Waafrika, wakiwemo Wasudan, na jambo hilo msilifiche. Wavae kaki na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki. Wakulima wavae kaniki na merikani. Vitenge vya leo, saa na raba vibaki nje. Anayeigiza Mjerumani asipakwe unga usoni wala asivunjevunje Kiswahili. Serikali yao iliendesha utawala kwa Kiswahili, na amri ikitolewa kwa sauti tulivu inatisha kuliko makelele.

Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Kwenye kibuyu tieni nusu glasi tu. Sakafu ya saruji ikilowa, mwenye miguu mitupu huteleza, tena anayefuata ndiye anayeingia akikimbia. Nyunyizieni watu wawili watatu juu ya gunia lililotandikwa. Wengine wapokee kwa ishara.

Katika vita, kosa kubwa ni watu wote kuanguka kwa pamoja. Mlio wa bombomu (bunduki ya rashasha) upigeni kwa vijiti viwili juu ya debe lililopinduliwa, sekunde tatu, kisha kimya. Waanguke wawili. Waliobaki wasimame, wawatazame, waelewe. Hapo ndipo imani inapotikisika, na kwa maoni yangu ndiyo sekunde muhimu kuliko zote katika mchezo. Mlio wa pili ndio uangushe wengine. Kuanguka ni goti, paja, kisha bega. Kutanguliza viganja huvunja vifundo vya mikono. Mikuki iwe na ncha za sponji, na fataki msitumie kabisa.

Mnaotunga wenyewe, angalieni tarehe. Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyetoa maji hayo, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, kwa hiyo msimlete kwenye shambulio la Mahenge la tarehe 30 Agosti. Wala msimalizie kwenye risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Kama muda ni mfupi, punguzeni mapigano mpate nafasi ya njaa hiyo.

Masimulizi ya tarehe na mahali apewe mwenye sauti inayosikika mita 15 bila kipaza sauti. Chini ya bati mvua ikinyesha hata huyo hasikiki. Kubalianeni mapema kuwa ngoma ikipigwa mara tatu, wote wanaganda walipo hadi mvua ipungue, kisha wanaendelea kutoka sentensi ileile.